Sura ya Sita: Ukuta Ndani ya Picha

Mama wa mshonaji alimpigia Inspekta simu saa mbili asubuhi, akamwambia aje kwenye hoteli anakofanya usafi, na asisahau miwani yake.

"Kuna nini, mama?"

"Njoo kwanza. Nikikwambia kwa simu utasema nimechanganyikiwa."

Inspekta alikwenda. Kwa miezi saba mama huyu alikuwa amemwita mara nyingi. Mara ameota ndoto, mara amemwona msichana sokoni mwenye mwendo wa binti yake. Binti huyo alikuwa kitindamimba, mshonaji wa miaka ishirini na mitatu. Jioni ya tarehe tatu alifunika cherehani yake, akafunga duka, na hakufika nyumbani. Mchumba wake, dereva wa lori, alikaa rumande wiki mbili, mpaka karatasi za mizani ya barabarani zilipoonyesha kuwa jioni hiyo alikuwa kilomita mia nne kutoka mjini. Tangu alipoachiwa, jalada halikuongezeka hata karatasi moja.

Alimkuta mama kwenye ukumbi wa mapokezi, kitambaa cha kufutia mkononi, amesimama mbele ya picha kubwa kama mlango. Ilikuwa picha ya maharusi. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyopoa, kingo zimeungua, madoa ya unyevu pembeni, mikwaruzo kutoka juu hadi chini. Ungeapa imetolewa kwenye sanduku la bibi wa bibi yako.

"Imeletwa Jumatatu," mama alisema. "Kila siku naifuta vumbi, siioni. Leo jua limepiga kioo. Tazama hapa, pembeni mwa bega la bwana harusi."

Inspekta alivaa miwani, akasogea. Kati ya mikwaruzo kulikuwa na mingine iliyopangika, mmoja chini ya mwingine. 46. Chini yake 22. Chini yake 20½.

"Ni namba, mama."

"Nyonga. Mkono wa kulia. Mkono wa kushoto." Mama aliweka kitambaa begani, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake. Wa kushoto uliishia nyuma ya mwenzake. "Nilianguka nina miaka tisa, mfupa ukaunga vibaya. Umepungua inchi moja na nusu. Niambie, mwanangu, ni nani mwingine mjini hapa anayeshonewa gauni la mikono miwili tofauti?"

Inspekta alinakili namba zile kwenye kijitabu chake.

"Na hiyo nusu. Tazama kistari cha katikati kilivyolala kama mlevi. Mwalimu wa binti yangu alimchapa kwa ajili ya kistari hicho, na hakukinyoosha mpaka leo."

"Lakini mama, picha yenyewe ni ya zamani kuliko wewe."

"Mimi nafuta vumbi, sijafuta macho. Mtazame bwana harusi mkononi."

Inspekta alitazama. Bwana harusi wa enzi za mababu alivaa saa ya kisasa, ile ya kuchaji, inayowaka ukiigusa. Na kwenye pembe ya chini, kwa herufi ndogo, mtengenezaji aliweka jina lake la kazi: Kutu.

*

Kutu alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, mwenye macho mekundu ya mtu anayeshinda kwenye kompyuta. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Alipoona kitambulisho cha Inspekta, na nyuma yake Sajini akijaza mlango, alisimama haraka hata kiti kikaanguka.

"Kaa," Inspekta alisema. "Nataka unifundishe kazi yako. Picha ya maharusi, ile ya hotelini. Imepigwa lini?"

"Mwaka huu, afande. Mwezi wa pili."

"Mbona inaonekana ina miaka themanini?"

Kutu aliinua kiti, akakaa. Aliifungua picha kwenye skrini na kuonyesha ilivyokuwa mwanzo: maharusi wamesimama bustanini, nyasi za kijani, gauni jeupe linaloumiza macho.

"Kwanza naua rangi. Sio zote, nikiua zote inakuwa maiti. Naacha kidogo, kisha naivuta kwenye kahawia. Cheusi cha picha ya zamani si cheusi, kimechoka, kwa hiyo nakipandisha kiwe kijivu. Cheupe nakishusha kiwe rangi ya siagi. Naongeza chembechembe, nafifisha pembe. Hapo bado ni ujanja tu, hata mtoto mwenye simu anafanya."

"Na mikwaruzo?"

"Mikwaruzo ndiyo kazi yenyewe. Siichori, afande. Mkwaruzo wa kuchora unajulikana, mkono wa mtu hupenda kurudia. Uzee wa kweli haujirudii. Kwa hiyo nautafuta ulipo. Napiga picha za bati lenye kutu, karatasi zilizolowa, kuta zilizobanduka rangi. Kisha nalaza ukuta juu ya maharusi, kama karatasi nyembamba. Naamuru sehemu za mwanga zipotee na za giza zibaki. Nyufa zinabaki, uchafu unabaki. Kila kitu kina tabaka lake."

"Ondoa maharusi," Inspekta alisema. "Niachie ukuta."

Kutu alibonyeza mara moja, mbili, tatu. Bustani ikapotea, bibi harusi akapotea, rangi ya chai ikapotea. Skrini ikabaki na ukuta mchafu wenye rangi tatu zilizobandukana, kijani juu ya krimu juu ya kijivu. Safu ya namba sasa ilionekana yote, imechimbwa kwa kitu chenye ncha. 16. 42. 38. 46. 22. 20½.

Kando yake, pale lilipokuwa gauni la bibi harusi, kulikuwa na safu nyingine. 35. 41. 24. 43. 17.

"Hizi hazipo kwenye picha ya hotelini," Sajini alisema.

"Nilizifuta. Watu wanataka uzee, lakini sio juu ya nguo na sura zao. Kwani ni namba za nini? Mimi nilidhani ni za mafundi wa zamani."

"Kila mtu angedhani hivyo," Inspekta alisema. "Ulipiga lini?"

Kutu alifungua faili la kamera. Tarehe kumi na nne, saa nne na dakika tano asubuhi. Mwezi ule ule. Siku kumi na moja baada ya mshonaji kutoonekana.

"Saa ya kamera huweza kukosea."

"Nina barua." Alifungua droo, akapekua, akatoa karatasi yenye muhuri. "Mwenye jengo alinipa ruhusa ya siku hiyo moja. Kiwanda cha zamani cha sabuni, nyuma ya njia ya reli. Ukuta huu ni wa chumba cha nyuma chenye mlango wa chuma."

"Uliingia na nani?"

"Na mlinzi. Mtu mpole. Alinishikia hadi taa."

"Simama," Inspekta alisema.

Sajini, aliyekwisha kuelewa kuwa safu ya pili ni vipimo vya suruali ya mtu mwingine, alitoa utepe wa kupimia mfukoni na kumzungusha kiunoni. Kutu aliinua mikono kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

"Vua wasiwasi, sio suruali," Sajini alimwambia. "Thelathini, afande. Na hapo ni pamoja na mkanda."

"Basi si yeye." Inspekta alimgeukia Kutu. "Chukua kamera yako na hiyo barua. Unakuja nasi kituoni."

*

Daftari la vipimo la mshonaji lilikuwa kwenye sanduku la vielelezo, limefungwa kwa uzi mwekundu. Lilikuwa na kurasa mia moja na kumi. Hakuna aliyelisoma tangu lilipochukuliwa dukani. Inspekta mwenyewe alilipekua siku ya kwanza akitafuta majina ya wanaume na namba za simu, akalirudisha. Sasa alikaa nalo pamoja na Sajini, rula ikishuka mstari kwa mstari.

"Sielewi kwa nini hakuandika jina," Sajini alisema. "Ana msumari mkononi, ana ukuta mzima. Si uandike tu, mimi fulani, nimefungiwa na fulani?"

"Na aliyekufungia akija kuleta maji, anasoma nini?"

Sajini akashusha rula mstari mmoja.

"Jina lingefutwa siku hiyo hiyo. Namba nani anazitazama? Kuta za kiwanda zimejaa namba. Safu ya kwanza inasema aliyefungwa ni nani, na ni mtu mmoja tu duniani anayeweza kuisoma. Ya pili..."

"Inasema mfungaji."

"Tafuta thelathini na tano ya kiuno. Suruali."

Mchumba alikuwa ukurasa wa tisa: kiuno 32, mguu 39. Hakuwa yeye. Mwenye nyumba ya duka: kiuno 44. Mwalimu wa kwaya, fundi wa redio, kinyozi. Ukurasa wa sitini na mbili rula ikasimama, na Sajini akavuta pumzi.

Kiuno 35. Nyonga 41. Paja 24. Urefu 43. Pindo 17. Juu yake, kwa mwandiko ule ule wa kulala: *Mjomba. Sare, kupunguza kiuno.*

Inspekta alilifungua jalada na kutoa maelezo ya mjomba, ndugu mdogo wa mama. Yalikuwa marefu kuliko ya shahidi mwingine yeyote. Ndiye aliyekuja kituoni na dada yake siku ya kwanza. Ndiye aliyebandika matangazo yenye sura ya mpwa wake kwenye nguzo za umeme. Katika maelezo hayo alisema analinda ghala la mbao.

Simu moja kwa kampuni ya ulinzi ilitosha. Karani wao alisoma orodha bila haraka. Mtu huyo hajawahi kupangwa ghala la mbao. Mwaka wa nne sasa yuko lindo moja: kiwanda cha sabuni.

"Kikulacho..." Sajini alianza.

"Usimalizie," Inspekta alisema. "Leta gari."

*

Mjomba aliwapokea getini akiwa na sare iliyopigwa pasi vizuri. Alimwona Inspekta, uso wake ukajaa matumaini ya haraka, kama mtu aliyezoea kuuvaa uso huo.

"Karibuni, afande. Kuna habari ya mwanetu?"

"Ipo kidogo. Tufungulie chumba cha nyuma, chenye mlango wa chuma."

Alitazama nyuma yao, akamwona Kutu akishuka garini na kamera yake. Funguo zikagongana mkononi mwake.

Kiwanda kizima kilikuwa kimeachwa kioze. Paa lilitoboka, mapipa yalilala ubavu, njiwa walikuwa wamepachukua. Lakini chumba cha nyuma kilipofunguliwa, kilikuwa cheupe pe. Kuta zote nne zilipakwa chokaa.

"Jengo zima ni kilio, chumba kimoja kiko harusini," Sajini alisema.

"Nani alipaka?" Inspekta aliuliza.

"Mimi, afande. Palichakaa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilijituma."

"Lini?"

"Sikumbuki. Siku nyingi."

"Baada ya huyu kupiga picha?"

Mjomba alimtazama Kutu, kisha akatazama miguu yake. "Labda."

Inspekta alimwambia Kutu asimame pale aliposimama siku ile na aonyeshe alivyozunguka. Kutu alisogea hatua mbili, akainua kamera, akaishusha. Hakuwa akitazama ukuta. Alikuwa akitazama sakafu ya chumba cha pili, kupitia mwanya usio na mlango upande wa kushoto.

"Hapa nilikuja na taa," alisema polepole. "Palikuwa na mlango wa mbao, umefungwa. Sikuingia." Alivuka kizingiti, akachuchumaa. "Afande, hii sakafu."

"Ina nini?"

"Imezeeshwa."

Kutu alipitisha kiganja juu ya saruji. Ilikuwa nyeusi ya mafuta machafu na masizi, kuukuu kama sakafu zote za jengo lile.

"Tazama kule tulikopita. Njia ya watu imelika katikati, pembeni saruji ni nzima. Uchakavu unafuata miguu. Hapa katikati na kwenye kona pamechakaa sawasawa. Na mafuta, mafuta yanamwagika chini ya mashine. Ukutani hakuna hata tundu la bolti, hapajawahi kufungwa mashine. Mtu amechukua mafuta kwenye pipa akapaka kwa tambara, kama..." Alitazama kiganja chake. "Kama ninavyofanya mimi. Amerudia mkono ule ule, kushoto kwenda kulia."

Sajini alipiga sakafu kwa kisigino cha buti. Karibu na mlango ililia nzito. Kwenye kona ililia tofauti.

"Nipe maelezo kabla sijaita mafundi wachimbe," Inspekta alimwambia mjomba.

Mjomba aliketi juu ya pipa bila kuambiwa. Alivua kofia ya sare, akaiweka gotini.

"Sikumuua."

"Sijakuuliza hilo. Alikuja hapa kufanya nini?"

"Kuleta suruali. Ile aliyoipunguza. Nilimwambia aniachie dukani, yeye akasema anapita tu, ataniletea. Akayaona maboksi."

"Maboksi gani?"

"Ya dawa. Za hospitali, zina mihuri. Jamaa walikuwa wanaziweka hapa wiki mbili, tatu, kisha wanazichukua. Akauliza, Mjomba, hizi si zile mama aliambiwa zimekwisha? Nikamfungia mlango wa chuma, humu kwenye vyumba hivi viwili. Nilitaka nifikirie tu."

"Ukafikiria siku ngapi?"

Mjomba alifuta vumbi kwenye buti.

"Nimekuuliza siku ngapi."

"Ishirini na sita. Kila asubuhi nilisema kesho nitamfungulia. Alikuwa ameniahidi hatasema. Lakini wale jamaa nao walikuwa wananiuliza kama kuna mtu anayejua. Nilikuwa namletea chakula, afande. Mjomba mtu siwezi kumwacha na njaa. Kisha akaanza kuharisha. Akashikwa na homa."

"Maboksi yalikuwa wapi wakati huo?"

Aliinua kidole, akaonyesha upande wa pili wa korido.

"Hatua sita," Inspekta alisema.

"Sijui kusoma majina ya dawa, afande."

"Yeye alijua kusoma."

Mjomba alijifunika uso kwa kofia. Sajini alimwinua, akamfunga pingu na kumtoa nje. Mafundi walifika saa nane na nyundo zao. Saa tisa na nusu walisimama, wakarudi nyuma, wakavua kofia. Inspekta aliingia peke yake, akatazama kwa muda aliohitaji kutazama, akatoka na kumwita daktari.

Alimkuta Kutu nje, amekaa kwenye kizingiti cha geti. Alitaka maelezo yake yaandikwe hapo hapo. Inspekta alidhani yatakuwa mafupi: tarehe, saa, ukuta, barua. Aliyaandika, akampa kalamu atie sahihi. Kutu hakuipokea.

"Kuna jambo la kuongeza."

"Sema."

"Siku ile nilisikia kugongwa. Nyuma ya ule mlango wa mbao. Sio kwa nguvu. Mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu."

Inspekta aliandika.

"Nikamuuliza mlinzi ni nini. Akasema ni bati la paa linapigwa na upepo."

"Kulikuwa na upepo?"

"Hakukuwa na upepo, afande. Nilikuwa nimeweka taa nyingine kwenye mguu wake mwembamba, ingeanguka."

"Ukafanya nini?"

"Mwanga ulikuwa mzuri," Kutu alisema. "Nikaendelea kupiga."

Inspekta aliandika kama alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza, akamsomea. Kutu alitia sahihi. Jina lake halisi, ambalo hakuna mteja aliyelijua, lilitoka kwenye mstari.

*

Habari kama ile haingojei. Inspekta aliondoka kabla jirani yeyote hajamtangulia, akafika nyumbani kwa mama wa mshonaji saa kumi na moja. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Alimwona Inspekta amevua kofia, akaendelea kuanua mpaka kamba ikabaki tupu.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, mama. Pole."

"Nani?"

Inspekta alikuwa amepanga maneno njiani. Hayakumsaidia. "Mdogo wako."

Mama alikumbatia lile rundo la nguo. Redio ya jirani ilisikika ikitangaza hali ya hewa.

"Alikula hapa juzi," alisema mwishowe. "Alisali kabla ya kula. Alimwombea." Kisha akauliza, "Alikaa naye siku ngapi?"

"Ishirini na sita."

Mama alihesabu kimya, midomo ikicheza.

"Basi ilikuwa katikati ya siku hizo. Alikuja hapa asubuhi, akaniambia lindoni kuna baridi, nimpe kitu cha kujifunika. Nilimpa blanketi langu la bluu, la kitandani kwangu. Nikamwambia atalirudisha baridi ikiisha." Alimtazama Inspekta usoni. "Mwanangu, umemwona ulipomwona. Alikuwa nalo?"

Kwa miaka kumi na minane ya kazi Inspekta alikuwa amejifunza kwamba kuna maswali ya kujibiwa mahakamani tu. Hili hakulipeleka huko.

"Alikuwa nalo, mama. Amefunikwa nalo."

"La bluu?"

"La bluu."

Mama alikaa chini pale pale uani, nguo zikiwa bado mikononi.

"Basi alijua ni langu," alisema. "Alilijua kwa harufu tu."